Zambarau: Kuchuma, Kuweka na Kula

Ndugu mkulima, bila shaka unaujua mzambarau. Hapa Mumias huonekana kando ya boma na pembeni mwa miwa, mti mkubwa wenye kivuli kizito, na mara nyingi hakuna akumbukaye ni nani aliyeupanda. Asili yake ni Bara Hindi, lakini ndege na popo wameueneza mpaka umekuwa kama mwenyeji. Huko ng'ambo watu hulipa fedha nyingi kwa tunda dogo la buluu liitwalo blueberry. Letu sisi huanguka chini likakanyagwa na ng'ombe.

Fikiri hasara hiyo. Miwa hukaa shambani miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa, na muda huo wote nyumbani hutakiwa chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Mzambarau hauwezi kushika mahali pa miwa, lakini vikapu vichache vikifika sokoni vizima, sabuni imepatikana. Neno kubwa ni hilo: vifike vizima.

Kosa la kwanza ni haraka. Ndizi ikikatwa mbichi huiva nyumbani. Embe lililokomaa vile vile. Zambarau sivyo. Ukiichuma ikiwa nyekundu itabaki na ukakasi wake mpaka inaoza. Ngoja iwe nyeusi, ing'ae, na iwe laini kidogo ukiibonyeza. Tena hata kishada kimoja hakiivi siku moja, kwa hiyo yafaa uurudie mti kila siku au kila siku ya pili, asubuhi, umande ukisha kukauka na jua halijawa kali.

Kosa la pili ni mawe na fimbo. Tunda lililopigwa hupasuka, na lililopasuka halilali usiku likabaki jema. Tandaza turubai au shuka kuukuu chini ya tawi, kisha litikise tawi kwa mti mrefu wenye kulabu. Zile za kuuza ni bora uzichume kwa mkono. Lakini usimtume mtoto kupanda! Matunda mazuri huwa kwenye ncha za matawi, ambako tawi ni jembamba, na gome likilowa mvua huteleza. Mtoto wa jirani yangu alivunjika mkono kwa ajili ya matunda yasiyojaza hata bakuli.

Sasa kuweka. Mwaka mmoja mimi nilijaza zambarau katika gunia, nikalifunga nyuma ya baiskeli, niwapelekee wakwe zangu. Nilipofika nilikuwa na maji ya rangi na suruali iliyoharibika, na mpaka leo wanacheka. Tumia kikapu kipana kisicho na kina, uweke majani ya mgomba chini, na zambarau zisizidi kina cha kiganja. Ondoa zote zilizopasuka, kwa kuwa maji yake huita nzi na ukungu. Usizioshe mpaka saa ya kula. Kivulini zitakaa siku mbili hivi. Mwenye friji ataongeza siku kadhaa.

Kwa kula, zioshe, nyunyiza chumvi kidogo, zifunike bakulini na kuzitikisa, ungoje robo saa. Chumvi hupunguza ukakasi. Zikiwa nyingi, zichemshe kwa maji kidogo, ziponde, chuja kwa kitambaa safi, tia sukari: hiyo ni sharubati njema.

Wako wauzao unga wa mbegu zake wakisema huponya ugonjwa wa sukari. Mgonjwa asiache dawa ya hospitali kwa maneno hayo.

Kama huniamini juu ya kuiva, fanya jaribio hili pamoja na watoto. Chuma zambarau kumi nyekundu na kumi nyeusi, ziweke kivulini katika sahani mbili, na baada ya siku mbili onjeni za kila sahani. Ni zipi ambazo mnunuzi angerudi kuziulizia?