Msongo wa Mawazo na Njia Nyepesi za Kuupunguza

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne ameketi katika chumba cha mtihani. Karatasi ya maswali bado haijafunuliwa, lakini moyo wake wadunda kwa kasi, viganja vyatoka jasho na kinywa kimekauka. Mambo aliyoyafahamu vyema jana yanamponyoka. Wenzake huenda wakadhani kwamba ni mwoga au hakusoma. Elimu ya fiziolojia yatoa maelezo mengine.

Asili ya hali hii

Mnamo mwaka 1915, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alieleza kwamba mnyama anayekabiliwa na hatari hujiandaa ama kupigana ama kukimbia. Neva hupeleka amri kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, nazo humimina homoni ya adrenalini katika damu. Mapigo ya moyo huongezeka, ini hutoa glukosi, na damu hupunguzwa tumboni ili misuli ipate zaidi.

Mwaka 1936, Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal, Kanada, alionyesha madhara ya hali hiyo inapozidi. Panya waliopatishwa baridi, majeraha au kazi nzito ya misuli walipata dalili zinazofanana: tezi za juu ya figo zilikua kupita kiasi, na tumbo likafanya vidonda.

Swala anayefukuzwa na simba hutumia nguvu hizo kwa kukimbia, na akiokoka hutulia. Mtihani haukimbiwi. Mwanafunzi aweza kukaa na hofu kwa majuma mengi, na usingizi, hamu ya chakula na kumbukumbu vikaathirika. Hata hivyo, msongo kidogo una faida, kwani humwamsha mtu afanye kazi.

Njia za kuupunguza

Kwanza, pumzi. Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upunguze mwendo, lakini aweza kuitawala pumzi yake. Moyo huenda kasi kidogo pumzi inapovutwa, na hupunguza mwendo inapotolewa, kwa kazi ya neva iitwayo vagasi. Kwa hiyo kutoa pumzi polepole hutuliza.

Pili, mwendo. Kutembea, kulima au kucheza mpira huupa mwili ile kazi ya misuli uliyojiandalia.

Tatu, usingizi. Kijana wa sekondari ahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Anayekesha kwa kahawa hujidanganya: baada ya saa 5 hivi, karibu nusu ya kafeini ingali mwilini, na ubongo uliokosa usingizi hauhifadhi vyema uliyoyasoma.

Nne, mpango. Haba na haba hujaza kibaba. Somo lililogawanywa katika sehemu ndogo za kila siku halitishi kama lile lililolimbikizwa hadi juma la mwisho.

Jaribio la darasani

Mwalimu aligawe darasa katika makundi mawili. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo yake kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, kisha azidishe kwa 2. Kundi la kwanza livute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kwa muda wa dakika 5. Kundi la pili likae kimya tu. Wote wapime tena, na wastani wa kila kundi uandikwe ubaoni.

Maswali

1. Kwa nini kundi la pili ni la lazima katika jaribio hili?
2. Kwa nini kinywa hukauka mtu anapoogopa?
3. Taja tofauti kati ya hofu ya swala na hofu ya mtahiniwa.

Njia hizi hazichukui nafasi ya tiba. Mwanafunzi anayekosa usingizi kwa majuma, au aliyekata tamaa ya maisha, asiachwe peke yake. Mwalimu amsikilize na kumfikisha kwa mganga wa hospitali mapema.