Mgomba Unaponyauka

Mgomba ni mmea wenye faida nyingi. Katika vilima vya Kivu watu wanakula ndizi mbivu, wanapika ndizi mbichi, na kukamua ndizi za pombe. Mikungu mingine wanaipeleka sokoni, na fedha yake inanunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Tena mgomba unalinda udongo. Majani yake mapana yanapunguza nguvu ya mvua, na mizizi yake inashika udongo usichukuliwe na maji. Basi migomba ikifa, hasara ni mbili: chakula kinapotea, na udongo wa mteremkoni unateremka mpaka mtoni.

Uko ugonjwa mbaya unaoua migomba. Jina lake ni mnyauko. Unaletwa na bakteria, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Wataalamu waliueleza mara ya kwanza mwaka 1968 katika nchi ya Ethiopia, katika enseti, mmea unaofanana sana na mgomba. Mwaka 1974 waliandika habari zake katika migomba ya nchi hiyohiyo. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huohuo ukaonekana Kongo, katika Masisi, Kivu ya Kaskazini. Baadaye ukafika Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi.

Dalili zake ni hizi. Majani yanakuwa manjano na kulegea kama yaliyochomwa na jua. Ua la zambarau lililo chini ya mkungu linasinyaa. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua, ndani ni nyeusi-nyeusi, hazifai kuliwa. Ukikata shina, unatoka utomvu mzito wa manjano.

Ugonjwa huu una njia tatu za kusafiri. Njia ya kwanza ni wadudu. Nyuki na wadudu wengine wanatafuta maji matamu katika ua la mgomba mgonjwa, kisha wanaruka kwenda katika ua la mgomba mzima. Njia ya pili ni kisu au panga lililokata mgomba mgonjwa. Njia ya tatu ni miche iliyotolewa katika shamba lenye ugonjwa.

Je, iko dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuugua? Hapana, haiko. Kwa hiyo zamani wakulima waliambiwa: «Ukiona mgomba mmoja mgonjwa, ng'oa jamaa yake yote.» Maana mgomba hauishi peke yake. Kando ya mama huota mtoto, na kando ya mtoto huota mjukuu, nao wote wameshikana chini ya udongo. Lakini kazi ya kuchimba jamaa yote ni nzito mno. Wengi walichoka, wakaacha migomba migonjwa shambani, na ugonjwa ukazidi. Wengine walimaliza kung'oa, lakini mvua ikakuta kilima kitupu.

Wataalamu wakajiuliza: Je, vijidudu vinafika kweli katika kila mgomba wa jamaa? Wakapima mama, wakapima watoto na wajukuu. Wakaona kwamba mara nyingi mmoja anaugua, na baadhi ya wengine wanabaki wazima. Wakajaribu njia nyingine, hata katika mashamba ya Kivu ya Kusini: kukata mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa, karibu na udongo. Mkulima alipofanya hivyo bila kuchoka, ugonjwa ulipungua sana, na shamba likabaki na majani yake na mizizi yake.

Lakini njia hii inataka bidii. Mkulima mwangalifu anazunguka shamba lake kila juma. Akiona mgomba mgonjwa, anaukata siku ileile. Kisha anapitisha panga katika moto, au analisafisha kwa maji ya javeli, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mkungu ukiisha kutoa chana ya mwisho, analivunja ua kwa mti wenye panda, asilikate kwa kisu. Hivyo wadudu hawana la kutafuta pale. Naye hapandi mche asiojua umetoka wapi. Kama karibu shamba lote limeugua, hapo inafaa kung'oa yote na kupanda maharagwe au mboga kwa miezi 6, ili udongo usikae wazi.

Tena mtu mmoja hawezi kuushinda mnyauko peke yake. Nyuki hajui mpaka wa shamba. Kama watu tisa wa kilima wanavunja maua na wa kumi hataki, ugonjwa utatoka kwa huyo wa kumi na kurudi kwa wale tisa. Wahenga walisema: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali

1. Mgomba unalindaje udongo wa kilima?
2. Taja dalili tatu za mnyauko.
3. Ugonjwa unapita njia gani ili kufika katika migomba mizima?
4. Kwa nini ua linavunjwa kwa mti, lisikatwe kwa kisu?
5. Wataalamu waliona nini walipopima jamaa ya migomba?
6. Kazi: Zunguka shamba la nyumbani pamoja na wazazi. Hesabu migomba yenye majani ya manjano, na utazame kama maua yamevunjwa.