Fahamu Visukuku: Mfupa Uliogeuka Jiwe

Mwaka 2013, fuvu la ndovu aliyeishi takriban miaka milioni 4.5 iliyopita lilipatikana Ileret, Kaunti ya Marsabit, karibu na Ziwa Turkana.

Mfupa hugeukaje jiwe? Mnyama akifa kando ya maji na kufunikwa upesi na tope, mifupa yake huepuka fisi na jua. Polepole, madini yaliyo majini huingia ndani ya mfupa na kuufanya mgumu. Ziwa likikauka, mvua na upepo humomonyoa udongo, nao mfupa huchomoza.

Umri wake hujulikanaje? Wataalamu hupima majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya tabaka lenye mfupa. Ukishang'olewa, ushahidi huo hupotea.

Kwa hivyo, mkazi wa Garissa anayechimba kisima, bwawa au mchanga akiona mfupa mzito kama jiwe, asiung'oe wala kuuosha. Aweke alama, apige picha na kumwarifu chifu, ili Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yajulishwe. Masalia hayo yanalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi.