Mkono umepona, mifupa je?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 67. Mwezi wa pili aliteleza uani akitoka kuoga, akajishikiza kwa mkono, ukavunjika karibu na kiganja. Alifungwa hogo wiki sita, likafunguliwa, na sasa anashika kikombe bila shida. Jirani yetu, nesi mstaafu, anasema mifupa ya mama imechoka na tumpeleke akapimwe. Kaka zangu wanasema ni uzee tu, tumpikie supu ya makongoro. Mama ana pumu na magoti yanamsumbua, kwa hiyo vidonge havimwishi. Je, nani ana haki? Na mimi mwenye miaka 44 nimo hatarini? Msomaji, Tanga.

JIBU: Mpe mama pole, dada. Jirani yenu naye mshukuru, maana katika kikao hicho cha familia yeye ndiye aliyesema la maana.

Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi au akigongwa na bodaboda, kuvunjika kwake hakumshangazi mtu. Mama hakuanguka kutoka popote. Miguu yake ilikuwa sakafuni. Mfupa mzima kwa kawaida huhimili anguko la namna hiyo. Usipohimili kwa mtu aliyevuka miaka 50, daktari anatakiwa kushuku kwamba mifupa imepungua uimara, yaani ana osteoporosisi, mpaka vipimo viseme vinginevyo. Plasta imeunga palipovunjika. Kilichofanya pavunjike kirahisi hivyo hakijaguswa.

Hapo ndipo huduma yetu inapovuja, nami nasema hivyo nikiwa mmoja wa watoa huduma. Mgonjwa anapigwa eksirei, anafungwa, anarudi baada ya wiki sita, anafunguliwa, anaambiwa achezeshe vidole, kwaheri. Hakuna anayemuuliza kwa nini alivunjika. Baada ya miaka michache analetwa tena, safari hii ni nyonga, na ukimshika mkono kumtafuta mshipa wa dripu unakikuta kiganja kilichounga kikiwa kimepinda kidogo. Aliyewahi kuvunjika hivi, uwezekano wake wa kuvunjika tena ni karibu mara mbili ya mwenzake wa umri uleule, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Mama yuko ndani ya miaka hiyo sasa hivi.

Nyonga ndiyo tunayoiogopa. Hata katika nchi zenye hospitali nzuri, takriban mzee mmoja kati ya watano wanaovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja. Mara nyingi si mfupa wenyewe unaoua, bali kulala kitandani: nimonia, damu kuganda miguuni, vidonda vya mgongoni. Ikitokea mzee ameanguka, hawezi kusimama, na mguu mmoja unaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, asichuliwe na asijaribiwe kutembezwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu upasuaji unaofanyika mapema, ndani ya siku mbili hivi, una matokeo bora.

Sasa hilo la “uzee tu”. Kaka zako hawakulitunga wao. Hata wataalamu waliwahi kulishabikia. Mwaka 1968 daktari wa mifupa Louis Solomon aliandika kwamba Waafrika weusi wa Johannesburg walivunjika nyonga kwa uchache mno wakilinganishwa na watu wa Ulaya, na kwa miaka mingi baada ya hapo ikaaminika kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba sisi huvunjika kwa uchache zaidi. Lakini uchache si kutokuwapo, na wazee wetu wanaongezeka kila mwaka, wengi wao wakiwa mijini, wakikaa zaidi na kutembea kidogo kuliko mama zao walivyofanya.

Mfupa si jiwe. Ni kiungo hai: kuna chembe zinazoubomoa kidogo kidogo na nyingine zinazoujenga upya, maisha yote. Mpaka karibu miaka 30 wajenzi wako mbele. Baada ya hapo wabomoaji huanza kuwapita, polepole. Kwa mwanamke kasi hubadilika hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji imepungua. Katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uimara wa mifupa yake. Wanaume hupoteza taratibu, lakini wakifika miaka 70 nao wamo. Baba anayekunywa sana, anayevuta sigara, au anayechomwa sindano za kupunguza homoni kwa ajili ya saratani ya tezi dume, asidhani habari hii ni ya wanawake peke yao.

Yote haya hutokea bila maumivu. Pingili za mgongo zinaweza kubonyea moja baada ya nyingine mtu akidhani ni uchovu wa shamba. Angalia gauni la mama la miaka kumi iliyopita: kama lilikuwa likiishia juu ya vifundo na sasa linakokota sakafuni, huenda amepungua urefu. Msimamishe akiwa ameegemeza mgongo na visigino ukutani; kisogo kisipofika ukutani, mwambie daktari. Kibiongo cha bibi zetu tulikizoea kana kwamba ndicho kimo chao. Kumbe mara nyingi ni pingili zilizovunjika. Ila maumivu mapya ya mgongo kwa mzee, hasa yakiambatana na homa, kukonda au miguu kufa ganzi, yasisingiziwe osteoporosisi. Huku kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo, na saratani pia hupenda kukaa hapo.

Nije kwenye vidonge vya mama, maana sentensi yako hiyo fupi ndiyo iliyonishtua kuliko yote. Pumu ya muda mrefu maana yake mara nyingi ni prednisoloni. Kwa anayeimeza kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, hata miligramu 5 tu, mifupa huanza kuumia mapema. Magoti nayo yana hadithi yake. Kuna vidonge vinavyouzwa vikiwa vimefungwa kwenye kikaratasi bila jina, na mzee akimeza vitatu magoti yanaachia siku hiyo hiyo, anasifu. Mara nyingine ndani ya kikaratasi hicho mna deksamethasoni au prednisoloni. Uso unajaa, hamu ya kula inakuja, majirani wanasema mama amependeza, na huku mifupa inaliwa. Kusanya kila kidonge anachotumia, pamoja na visivyo na jina, uvitie kwenye mfuko uende navyo kwa daktari. Lakini msimwachishe ghafla: mwili uliozoea dawa hizi ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kuzidiwa hata kupoteza maisha. Daktari atazipunguza hatua kwa hatua, na kwa upande wa pumu atapendelea dawa ya kuvuta kwa mdomo, inayotumia kiasi kidogo zaidi. Mpe pia habari za dawa za kifafa, omeprazoli ya miaka mingi, dawa za tezi ya shingo, na dawa za virusi vya UKIMWI zenye tenofovir, kama zipo. Zote zina uhusiano na mifupa, ingawa hakuna hata moja ya kuachwa kwa uamuzi wa nyumbani.

Kipimo chenyewe kinaitwa DEXA. Mtu hulala dakika chache mashine ikipita juu yake, bila sindano wala maumivu, na jibu hutolewa kwa namba; kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, kuanzia hasi 2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Mashine hizi ni chache na hazipo kila mkoa, lakini ukosefu wake usiwe sababu ya kukaa tu. Eksirei ya kawaida haitoshi kupima uimara, kwani hadi ionyeshe mfupa mwepesi, karibu theluthi moja imeshapotea. Inafaa hata hivyo kuonyesha pingili zilizobonyea. Mgonjwa aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili kwa anguko dogo anaweza kuanzishiwa dawa bila kungoja DEXA. Kwa kiganja kama cha mama, daktari atajumlisha umri, prednisoloni na mengineyo kabla ya kuamua. Aombe pia damu ipimwe figo, kalsiamu, tezi na wingi wa damu.

Dawa inayoanzwa zaidi ni alendroneti, kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Si dawa ngeni: utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kwa wanawake waliokwisha kuvunjika pingili ulionyesha kuvunjika nyonga kulipungua kwa karibu nusu. Shida yake ni masharti. Inamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai, si maziwa, si uji. Kisha mtu akae wima nusu saa bila kula wala kurudi kitandani, la sivyo kidonge kitaunguza umio. Wengi wanaoniambia “imenishinda, inachoma” waliimeza kwa funda moja la chai wakajilaza. Anayefunga Ramadhani anaweza kuzungumza na daktari wake kuhusu kuimeza magharibi: afungue kwa maji na kidonge, na tende zisubiri nusu saa.

Mwenye matatizo ya umio, au anayesahau, hupewa zoledroneti kwa dripu mara moja kwa mwaka, ikiwa figo zinaruhusu. Katika utafiti wa mwaka 2007, miaka mitatu ya dripu hiyo ilipunguza kuvunjika kwa pingili kwa asilimia 70 na nyonga kwa asilimia 41. Baada ya dripu ya kwanza wengi hupata homa na mwili kuuma kwa siku moja hadi tatu. Ni dawa inayofanya hivyo. Parasetamoli inatosha, ingawa homa isiyoisha ipimwe malaria kama kawaida. Kabla ya kuanza, meno mabovu yatengenezwe au yang’olewe, maana mara chache sana dawa hizi huchelewesha taya kupona. Wako watakaomtisha mama kwa hilo. Mwambieni kwamba kwa mtu aliyekwisha kuvunjika, hatari ya nyonga ni kubwa kuliko ya taya kwa mbali. Baada ya miaka mitatu hadi mitano daktari hupima upya na huenda akampumzisha. Ipo pia denosumabu, sindano ya kila miezi sita. Hiyo kamwe isikatizwe bila dawa nyingine kushika nafasi yake, kwani pingili zinaweza kuvunjika mfululizo, kwa hiyo asiianze mtu asiye na uhakika wa kuilipia.

Kuhusu makongoro: ni matamu, na kwa mzee aliyekosa hamu ya kula yana faida. Kalsiamu, hata hivyo, hubaki ndani ya mfupa unaotupiwa mbwa. Inayoingia kwenye supu ni kidogo mno. Mama wa umri huu anahitaji takriban miligramu 1,200 kwa siku. Bilauri moja ya maziwa au mtindi ina kama 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina iliyo karibu, na Tanga hamna kisingizio. Ongezeni ufuta, uji wa wimbi na sukuma wiki. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalsiamu yake nyingi hufungwa na asidi iliyomo humo ikapita bila kufyonzwa. Protini nayo isisahaulike: maharage, mayai, samaki. Vidonge vya kalsiamu ni vya kujaziliza pengo tu, visivyozidi miligramu 500 kwa mara moja, na visimezwe pamoja na alendroneti.

Jua tunalo. Watafiti waliopima damu ya Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, wakachapisha mwaka 2012, walikuta wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50 inayohesabiwa kutosha. Hao wanashinda nje. Mzee anayeshinda sebuleni kwa televisheni, au anayefunikwa mwili mzima kila atokapo, hana jua hilo hata akiishi Pangani, na ngozi ya uzeeni hutengeneza vitamini hii kwa shida. Kama hatoki, apewe vidonge.

Halafu anguko lenyewe. Pigeni bomba la chuma ukutani bafuni na chooni; choo cha kuchuchumaa kinamtesa mwenye magoti. Kandambili zilizolika zitupwe. Tochi ikae kando ya mto wake wa kulalia, maana umeme haukatiki kwa taarifa. Akiamka usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda, hasa kama anameza dawa za presha. Macho yapimwe mtoto wa jicho. Afagie kwa fagio la mpini mrefu, abebe ndoo nusu, akunje magoti badala ya mgongo. Lakini msimkalishe! Kila siku ainuke kitini bila kushika chochote, mara kumi, na asimame kwa vidole vya miguu akiwa ameshika nondo za dirisha.

Na wewe, dada: mama aliyevunjika anakuongezea hatari kiasi, zaidi ingekuwa nyonga. Huhitaji DEXA leo. Kula, beba vitu, tembea, na kama umetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa miaka mingi, mweleze mtoa huduma. Mifupa inayopungua kwa sindano hiyo kwa kawaida hurejea ukiiacha. La kufuatilia ni tarehe za hedhi yako. Ikikoma kabla hujafika miaka 45, au ukiondolewa mifuko ya mayai, muone daktari wa wanawake mapema mzungumzie homoni mbadala, kwa sababu katika umri huo, kwa wanawake wengi wasio na historia ya saratani ya matiti au damu kuganda, faida yake kwa mifupa huzidi madhara.