Maji yakichemka, yaepue: okoa pesa bila kuhatarisha afya

Mama mmoja kutoka Kawangware alifika katika kliniki yangu hapa katikati ya jiji akiwa amembeba mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku mbili. Macho yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Tulipomnywesha dawa ya kurejesha maji mwilini na hali yake ikatulia, nilimuuliza mama kama huchemsha maji ya kunywa.

"Nilikuwa nikichemsha, daktari," akanijibu. "Lakini niliambiwa lazima yatokote dakika 20. Makaa yamepanda bei. Nikaona heri niache, nibaki na makaa ya chai na ugali."

Sikumlaumu. Alikuwa amefundishwa vibaya, na funzo lenyewe lilikuwa ghali kuliko mfuko wake. Ndiyo sababu leo ningependa tuzungumze juu ya jambo dogo linalofanyika katika kila nyumba na kila ofisi: kuchemsha maji.

Maji yawe moto kiasi gani?

Viini vinavyoleta kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengi ya kuharisha havingoji maji yachemke ndipo vife. Maji yakipita nyuzi 70 za joto, viini hivyo huanza kufa upesi sana. Tunaambiwa tuyachemshe kwa sababu watu wengi hawana kipimajoto jikoni, na kuchemka ni ishara ambayo kila mtu anaweza kuiona kwa macho.

Hapa Nairobi tuko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hivyo maji yetu huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 hivi, wala si 100 kama kule Mombasa. Usiwe na wasiwasi, kwani joto hilo linatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yafikishwe kwenye mchemko kamili, yaani mapovu makubwa yapande kwa nguvu sufuria nzima, kisha yaepuliwe na kuachwa yapoe yenyewe. Wataalamu wa afya wa Marekani huongeza dakika moja kwa usalama, na dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kama vile wakazi wa Limuru na Nyahururu. Hakuna anayehitaji dakika 20.

Iwapo maji yako yana tope, yaache yatulie, kisha uyachuje kwa kitambaa safi kabla ya kuyachemsha.

Mahali pesa zinapopotelea

Yafaa ieleweke kwamba maji yakishaanza kuchemka, hata ukiongeza moto hayazidi kuwa moto. Joto lote la ziada huyageuza kuwa mvuke tu. Na mvuke ni ghali! Kuigeuza lita moja inayochemka iwe mvuke hula joto kama mara saba ya lile lililotumika kuichemsha kutoka ubaridi wa mfereji. Dirisha la jikoni likitiririka maji, jua kwamba pesa zako ziko pale kwenye kioo.

Sasa tuingie ofisini. Kuchemsha lita moja kwa birika la stima hutumia karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Wafanyakazi wawili wakitaka chai, wanahitaji nusu lita. Lakini mara nyingi mtu hujaza birika lote, tuseme lita moja na nusu, kisha lita nzima inabaki na kupoa. Jambo hilo likitendeka mara kumi kwa siku, uniti moja imekwenda bure. Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi, hizo ni uniti 22. Tukichukulia uniti kuwa shilingi 25, ni shilingi 550. Tazama risiti yako ya tokeni, ugawanye pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, kisha ufanye hesabu yako mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na pia haba na haba hukitoboa.

Dawa yake ni rahisi. Pima maji kwa kikombe kile kile utakachonywea, lakini yasipungue alama ya chini ya birika. Funga kifuniko, maana birika likiwa wazi huenda lisijizime. Kwenye jiko, funika sufuria na uchague inayoenea juu ya moto, ili ndimi za moto zisipande kando. Maji ya chai ya saa nne yaweza kuchemshwa pamoja na ya asubuhi na kutiwa ndani ya themosi. Lakini chai yenye maziwa isikae humo kutwa nzima, kwani huharibika.

Wanaotumia maji ya kisima

Kuna wasomaji wa Karen, Lavington na Westlands ambao hutumia maji ya visima vya kuchimbwa kwa mashine mfereji unapokauka. Baadhi ya visima vya Nairobi vina madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Floraidi nyingi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa.

Kuchemsha hakuondoi floraidi, bali hukoleza. Lita nne zikitokota hadi zikabaki tatu, floraidi yote ya zile nne sasa imo ndani ya tatu. Kwa maji ya namna hii, kutokosha kwa muda mrefu ni hasara ya pesa na ya afya pia. Hakikisha kisima chenu kimepimwa katika maabara.

Usiokoe pesa kwa njia hizi

Kwanza, usiepue maji kabla ya mchemko kamili. Kusikia birika likivuma hakutoshi. Maziwa mabichi nayo ni lazima yachemke, kwani yaweza kuleta bruselosi.

Pili, katika baridi ya Juni na Julai, usiingize jiko la makaa chumbani ili lichemshe maji na kukupasha joto usingizini. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua. Ukipika kwa makaa, pikia mahali penye hewa, na jiko lilale nje.

Tatu, usiyachafue tena maji uliyoyagharamia. Yakipoa hayana kinga yoyote, na mkono mmoja mchafu au kikombe kimoja kinachochovywa ndani chaweza kurudisha viini. Yaweke katika mtungi safi wenye mdomo mwembamba au wenye bomba, uufunike, na uyatumie katika muda wa siku moja.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata, mtoto akitembea mwenyewe. Nilimwonyesha mapovu ya kuangalia kwenye birika la kliniki yetu, nikalizima mara tu yalipopanda. Alitazama saa ya ukutani, akacheka kidogo. "Basi haya naweza," akasema.

Nawe pia waweza, ndugu msomaji. Pima, funika, ngoja mchemko kamili, epua, kisha hifadhi vyema.