Mjomba, upo?



Juzi nikiwa likizo nyumbani, umeme ulikatika tunakula. Mpwa wangu wa miaka minne hakulia, wala hakuuliza umekatika kwa nini. Aliita tu: "Mjomba, upo?" Nikamjibu, "Nipo." Basi, akaendelea na ugali wake gizani, hana habari.

Mimi nimesoma falsafa. Njia tano za Mtakatifu Thoma wa Akwino nimezikariri. Ila tangu tumzike baba, kila nikipiga magoti namdai Mungu maelezo. Swali la yule mtoto sijawahi kumuuliza. Usiku ule nilifungua Zaburi 131, ile ya mtoto aliyetulia kwa mama yake (aya tatu tu, haichoshi), nikazima tochi ya simu, nikasema: "Baba, upo?" Nikanyamaza.