Presha ya Bibi na Kanieneo ya Darasani

Haya, jaza maji ndoo ya lita 20, ibebe kwa mkono kutoka bombani mpaka nyumbani. Hata hujafika mbali, vidole vinauma na mshikio wa waya umekuchora mstari kiganjani. Sasa zungushia kitambaa kwenye ule mshikio. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, lakini maumivu yamepungua. Kwa nini?

Ukilielewa jibu la swali hilo, unaweza kumsaidia bibi yako asipate kiharusi. Usicheke. Twende pamoja.

KANI NA ENEO

Neno lenyewe linajieleza: kanieneo. Chukua kani, igawanye kwa eneo inalokandamiza. Basi.

Maji ya lita 20 yana uzito wa nyutoni 200 hivi. Tuseme waya unagusa kiganja chako kwenye eneo la sentimita za mraba 2.5. Piga hesabu: utapata paskali 800,000! Ukizungushia kitambaa, eneo likawa sentimita za mraba 25, kanieneo inashuka hadi paskali 80,000. Uzito haukupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni eneo.

Ndiyo maana mama anayebeba mzigo kichwani huweka kata kwanza. Na ndiyo maana kisu kilichonolewa kinakata nyama bila taabu: makali yake yana eneo dogo sana.

MAJI NAYO YANASUKUMA

Jaribu mwenyewe. Toboa matundu mawili ubavuni mwa kopo, moja karibu na juu, jingine karibu na chini. Jaza maji. Tundu lipi linatoa maji kwa nguvu zaidi? La chini! Kadiri kina kinavyoongezeka, ndivyo kanieneo inavyozidi.

Umewahi kumwona nesi akitundika dripu? Anaiweka juu ya mgonjwa kwa sababu hiyo hiyo. Dawa lazima isukume kuliko damu iliyomo mshipani. Dripu ikishushwa chini ya mkono, damu inaweza kurudi na kupanda ndani ya mpira.

KUMBE PRESHA NI FIZIKIA

Damu ni kimiminika, na moyo ndio pampu yake. Damu inaposukumwa, inakandamiza kuta za mishipa. Hiyo ndiyo presha: kanieneo ya damu. Siyo hasira, siyo "mawazo mengi" tu kama wengi wanavyosema mtaani.

Kipimo huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 120/80. Ya kwanza ni kanieneo wakati moyo unaposukuma, ya pili ni wakati unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kizio chake ni milimita za zebaki. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, kwa hiyo milimita 120 za zebaki ni sawa na maji yaliyosimama kimo cha mita 1.6. Ni kimo cha mtu mzima! Presha ikifika 200, kimo hicho kinakuwa mita 2.7. Mlango wa nyumba yenu hauufikii urefu huo.

Sasa fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Ukiubana mdomo, sehemu yote ya nyuma inakakamaa. Mishipa midogo ya damu ikibana, mambo ni hayo hayo. Moyo unafanya kazi ya ziada kila pigo, mchana na usiku. Miaka ikipita, mishipa ya ubongo, figo na macho inaharibika, na moyo wenyewe unachoka.

"MBONA SIJISIKII VIBAYA?"

Hapa ndipo penye hatari. Bibi anakuambia: "Mjukuu wangu, dawa nimeziacha. Mbona mzima tu?"

Usibishane naye. Mwambie hivi: "Bibi, presha haipigi hodi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kuhisi chochote. Kujisikia mzima hakumaanishi kwamba presha imeshuka. Twende tukapime."

Mtu mzima akipimwa siku tofauti na kukutwa na 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, anahitaji ushauri wa daktari. Dawa haziachwi kwa kujiamulia, wala haziazimwi kwa jirani.

Siku ya kupima, msaidie bibi:
- Akae atulie dakika 5, miguu ikiwa sakafuni, asiongee.
- Mkono uegemee mezani, usawa wa moyo. Ukiwa chini kwa sentimita 10, kipimo kinaweza kuongezeka kwa milimita 8 hivi. Ni lile kopo lenye matundu!

Ukiona mdomo wake umepinda ghafla, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki vizuri, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

NA WEWE JE?

Mishipa yako ndiyo utakayozeeka nayo. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye chipsi. Cheza mpira, tembea, acha sigara na pombe.

JIPIME

1. Kwa nini trekta lina matairi mapana?
2. Kwa nini tangi la maji la shule huwekwa juu ya mnara?
3. Babu alipimwa presha mkono ukining'inia chini. Je, kipimo kilizidi au kilipungua?

Majibu: 1. Eneo kubwa hupunguza kanieneo, hivyo halizami kwenye matope. 2. Kimo huongeza kanieneo mabombani. 3. Kilizidi. Arudie, mkono ukiwa mezani.